Silinda saba au tisa: moteri ya ndege zilizopiga Fizi mwaka wa 1965

Katika familia zilizohama kutoka milima ya Fizi, bado wapo wazee wanaoweza kusimulia ndege za mwaka wa 1965. Hazikuwa jeti. Zilikuwa na moteri moja mbele, na ziliitwa T-28 Trojan. Kampuni ya North American ya Marekani ilizitengeneza kwanza kwa kufundishia marubani.

Mwezi wa nane 1964 waasi wa Simba waliteka Stanleyville, Kisangani ya leo. Serikali ya Léopoldville iliomba msaada, na CIA ilileta ndege pamoja na marubani Wakuba waliomkimbia Fidel Castro. Mwezi wa nne 1965, Che Guevara naye akavuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma na Wakuba wake, upande wa waasi. Wakuba angani, Wakuba milimani. Waliokuwa katikati ni wenye mashamba.

Leo huko Ulaya na Marekani kuna watu wazima wanaounda ndege hizo kwa plastiki, ndogo za kuweka juu ya meza, na baadhi yao huzipaka alama za Kongo. Moteri inayokuja ndani ya sanduku mara nyingi haina umbo zuri, kwa hiyo hununua nyingine pembeni, iliyomwagwa kwa resini. Hapo ndipo wengi hukosea.

T-28 ya kwanza, aina ya A, ilikuwa na moteri ya Wright R-1300: silinda 7, nguvu za farasi 800, helisi ya mapanga mawili. Aina za B na C zilipewa Wright R-1820: silinda 9, farasi 1,425, mapanga matatu. Aina ya D ndiyo inayochanganya watu. Mwili wake ni wa A ya zamani, lakini moteri ni ile kubwa, na chini ya mabawa kuna mahali pa kufungia mabomu na roketi. Zilizofika Kongo ni B, C na D. Zote silinda 9.

Mtu anaweza kuuliza, silinda mbili zina shida gani katika mchezo wa plastiki? Zina shida kubwa. Ni moteri hiyo iliyoifanya ndege ya shule iweze kubeba silaha. Ukiiweka ya silinda 7, unaonyesha ndege ya mwanafunzi, na aliyelala porini akiikimbia anaonekana kama aliota.

Kuhesabu peke yake hakutoshi. T-6, iliyotangulia T-28 katika vita hivyo, nayo ina silinda 9, lakini ni Pratt & Whitney R-1340 ya farasi 600, moteri tofauti kabisa. Hata jina R-1820 halitoshi: B-17 ya Vita Kuu ya Pili ilitumia R-1820 ya farasi 1,200, ya zamani zaidi. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara hutafuta iliyoandikwa T-28, kisha huilinganisha na picha ya ndege yenyewe iliyofunguliwa.

Halafu achukue rula. R-1820 ina upana wa karibu mita 1.4. Kwa kipimo cha 1 kwa 48, hiyo ni milimita 29. Kwa 1 kwa 72, ni 19. Mara nyingine moteri sahihi inakataa kuingia kwa sababu plastiki ya kifuniko ni nene mno kuliko bati la kweli. Wengine hukata vichwa vya silinda ili ienee. Ni afadhali kukwangua kifuniko kwa ndani, polepole, kwa msasa.

B-26K, bomba kubwa lililofika Kongo mwaka huohuo wa 1964, inahitaji moteri mbili: R-2800, kila moja silinda 18 kwa safu mbili, farasi 2,500.