Mpini wa kisu: pembe, mti na waya wa shaba

Familia inayohamishwa hubeba inachoweza: sufuria, godoro, jembe, kisu. Kisu cha babu kina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo iko kwenye mpini.

Ulaya mafundi wanapenda pembe ya mnyama ambaye Wafaransa humwita cerf. Ni mfupa mtupu, inaanguka kila mwaka, na mtu huiokota msituni, akaikausha, akaikata na kuitoboa. Kwetu Lualaba mnyama huyo hayuko. Pembe ya swala ni kitu kingine: ni ganda kama la ukucha, limevaa mfupa, wala haianguki mnyama angali hai. Lazima ilowekwe au ichemshwe mpaka mfupa utoke, halafu ikae kivulini muda mrefu. Fundi mwenye haraka atashangaa mpini ukisinyaa na kisu kikicheza ndani yake.

Mti ni rahisi zaidi, ila nao unapasuka pale mkia wa kisu unapopigiliwa ukiwa wa moto. Hapo ndipo waya wa shaba unapoingia. Ukizungushwa shingoni mwa mpini, unapendeza macho na unaubana mti.

Kupamba mpini si jambo la jana. Huko katika bonde la Upemba, mwanaakiolojia Pierre de Maret alifukua kaburi la zaidi ya miaka 1,000. Ndani mlikuwa na fuawe ya mhunzi na shoka ambalo mpini wake ulipigiliwa misumari ya chuma. Hilo halikuwa shoka la kupasulia kuni.

Waya mwembamba ulitengenezwa na Bayeke, watu wa Msiri, waliotoka Unyamwezi katikati ya karne ya 19 na kujenga Bunkeya. Fimbo ya shaba ilipigwa nyundo, ikapashwa moto, kisha ikavutwa kwa nguvu za wanaume kadhaa kupitia tundu la chuma. Tundu dogo, halafu dogo zaidi, mpaka waya unakaribia wembamba wa uzi. Ulitengenezwa bangili, ukavishwa mikuki, fimbo za wakubwa na mipini.

Msiri aliuawa kwa risasi tarehe 20 Desemba 1891. Mwaka wa 1906 ikaundwa Union Minière, na shaba ikawa mali ya kampuni. Mwaka wa 1924 Monsenyeri de Hemptinne aliwaomba wazee wa Kiyeke wayeyushe tena shaba kwa njia ya zamani, kwa makala na tanuru la udongo wa kichuguu, ili aandike. Kazi ya kijiji kizima wakati wa kiangazi ilikuwa imegeuka maonyesho.

Leo mchanga wa Kingamyambo, mabaki ya viwanda vya enzi hizo, unaoshwa upya kutafuta shaba na kobalti. Mashoka na visu vya Katanga viko kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, na vingi havina jina la mhunzi. Wanunuzi wa vitu vya kale nao hawaulizi jina, wanauliza bei tu.

Kwa hiyo mwenye kisu cha namna hiyo asisugue waya ukigeuka kijani. Amuulize mzee angali hai: nani alikitengeneza, kijiji gani, mti gani. Aandike kwenye karatasi na kuifunga pamoja na kisu, kabla gari la kuhama halijafika.