Ile taa ya njano ya tairi haikuja kwa hisani

Wadau, leo naomba tuongelee ile taa ya njano kwenye dashibodi, yenye picha ya tairi lililokatwa na alama ya mshangao katikati. Dereva wa mjini ikimwakia anapapasa chini ya usukani, anakipata kitufe kilichoandikwa SET, anakishikilia mpaka taa ikonyeze mara tatu, kisha anakanyaga mafuta. Kushuka kuangalia matairi? Nani ana muda na foleni hii!

Taa yenyewe ilianza kama anasa. Mwaka 1986 Porsche waliweka mfumo wa kupima upepo kwenye 959, gari la matajiri, na kwa zaidi ya muongo ukabaki kuwa kitu cha wenye nazo. Kilichoushusha hadi kwenye magari yetu sisi walalahoi ni vifo.

Februari 2000, Anna Werner wa televisheni ya KHOU, Houston, alirusha taarifa kuhusu Ford Explorer zilizopinduka baada ya matairi ya Firestone kubanduka ngozi ya juu gari likiwa kwenye mwendo kasi. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilikuwa na malalamiko machache tu, yamekaa kwenye mafaili. Baada ya taarifa ile yakaanza kumiminika. (Mniruhusu nijivunie kidogo kwa niaba ya taaluma, siku hizi tunasifiwa mara chache.) Tarehe 9 Agosti mwaka huohuo Firestone ikatangaza kuyarudisha matairi milioni 6.5. Hesabu ya waliokufa Marekani peke yake ilipita 250.

Hapo kampuni zikaanza kurushiana mpira. Ford ilisema matairi yametengenezwa vibaya, hasa ya kiwanda cha Decatur, Illinois. Firestone ikajibu kwamba Ford ndiyo iliyowaambia wateja wajaze psi 26, wakati 30 ingekuwa salama zaidi, na kwamba Explorer ni jepesi kupinduka. Hoja ya upepo si ya kupuuza. Tairi lenye upepo mdogo linakunjika zaidi kila linapozunguka, likikunjika linapata joto, na joto linaachanisha tabaka za mpira na nyuzi za chuma. Ndiyo maana ajali nyingi zilitokea kwenye majimbo ya joto kama Texas na Florida. Kinachochekesha, kama kuna cha kuchekesha, ni kwamba mwenyekiti wa Ford wakati huo, William Clay Ford Jr., ni kitukuu cha Henry Ford na cha Harvey Firestone pia. Ugomvi wa ukoo! Mei 2001 biashara ya karibu miaka 100 kati ya kampuni hizo ikavunjika.

Mimi kinachonikera zaidi ni Saudi Arabia. Mwaka 1999 Ford ilishaanza kubadilisha matairi hayo kule, kimya kimya, bila kuiarifu mamlaka ya Marekani. Kwa hiyo sheria ya TREAD, aliyoisaini Bill Clinton tarehe 1 Novemba 2000, ililazimisha watengenezaji kuripoti hatua za namna hiyo hata zikichukuliwa nje ya nchi, na ikaamuru magari mapya yawekwe taa ya upepo. Kanuni ya kwanza ya mwaka 2002 ilikuwa legelege. Shirika la Public Citizen likaenda mahakamani na mwaka 2003 likashinda. Kanuni mpya ya 2005 ikataka taa iwake hata tairi moja likipungua upepo kwa asilimia 25, na kufikia Septemba 2007 ikawa lazima kwa magari yote madogo mapya. Ulaya ikafuata kuanzia 2012.

Sasa turudi kwenye kitufe. Kuna magari yenye kipimo ndani ya kila tairi. Mengine hayapimi upepo kabisa, yanahesabu mizunguko: tairi lililopungua upepo linakuwa dogo kidogo, hivyo linazunguka haraka kuliko wenzake. Kwenye aina hii kitufe kinaliambia gari, "hali ya sasa ndiyo ya kawaida". Ukikibonyeza matairi yakiwa psi 22, gari litaamini 22 ndiyo sawa, na litakaa kimya mpaka hali iwe mbaya zaidi ya hapo. Anza na kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, jaza matairi yakiwa ya baridi kama kilivyoandikwa, ndipo ubonyeze.

Na ikiwa taa inakonyeza kama dakika nzima ukiwasha gari, halafu inabaki imewaka, usimlaumu fundi pancha. Hapo mfumo wenyewe ndio mbovu, na kwa magari yenye vipimo ndani ya matairi, mara nyingi ni betri ya kipimo iliyokwisha.