Mwenye Nafuu Si Mzima: Istilahi ya Unafuu katika Uchumi wa Biashara

Miongoni mwa istilahi za uchumi zilizoingizwa katika Kiswahili kwa pupa na kuachwa humo kwa uvivu, ni chache zilizopotosha kimyakimya kama faida linganishi, ambayo hutumika kutaja kanuni mashuhuri ya biashara ya kimataifa isemayo kwamba nchi hunufaika inapozalisha kwa wingi kile ambacho kukizalisha kunainyima machache kuliko kunavyowanyima wenzake, na kununua kwao kile kingine. Istilahi hiyo imechapishwa, imekaririwa na imegongwa muhuri na watu ambao, kwa dalili zote, walitafsiri maneno mawili bila kukitazama kitu chenyewe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kila moja ya maneno hayo limepotea njia, kwamba yakiandamana hupotea zaidi, na kwamba Kiswahili kilikuwa na neno lake, unafuu, ambalo limeachwa mlangoni kwa kosa moja tu la kufahamika na kila mtu.

Kanuni yenyewe haihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa makala ya aina hii. David Ricardo, katika kitabu chake cha mwaka 1817 kuhusu misingi ya uchumi wa kisiasa na utozaji wa kodi, alibuni hesabu inayofundishwa hadi leo, ambamo Uingereza inahitaji kazi ya mwaka mzima ya watu 100 ili ipate kiasi fulani cha nguo na ya watu 120 ili ipate kiasi fulani cha mvinyo, ilhali Ureno inahitaji watu 90 kwa nguo na 80 kwa mvinyo. Ureno imeizidi Uingereza katika vyote viwili, na mwenye haraka angehitimisha kwamba haina la kununua kwake. Hata hivyo, Ureno ikituma mvinyo wa watu 80 inapata nguo ambazo ingezitengeneza kwa watu 90, na Uingereza ikituma nguo za watu 100 inapata mvinyo ambao ungeigharimu watu 120, hivyo kwamba jumla ya kazi, iliyokuwa ya watu 390, inashuka hadi 360 pasipo mtu kupungukiwa na kipande cha nguo wala tone la mvinyo. Mwanahisabati Stanislaw Ulam alipomtaka Paul Samuelson ataje hoja moja ya sayansi za jamii iliyo ya kweli na wakati huohuo isiyo dhahiri, jibu ambalo Samuelson alikuja kulitoa miaka mingi baadaye lilikuwa kanuni hii. Na kanuni isiyo dhahiri ndiyo hasa inayodai jina lisilopotosha.

Neno la kwanza, faida, limetoka katika Kiarabu, na lilipofika katika masoko ya pwani lilipata maana finyu na imara: kile kinachobaki mkononi mwa muuzaji baada ya kuondoa mtaji na gharama, ambacho kinyume chake ni hasara. Ni kweli kwamba lina maana pana pia, kama katika faida za elimu, lakini likitamkwa ndani ya sentensi yenye biashara, maana pana hukimbia na ile ya dukani hubaki. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba Uingereza ina faida linganishi katika nguo anaelewa, na ana haki ya kuelewa hivyo, kwamba wauzaji wa nguo wa Uingereza wanavuna pesa nyingi kuliko wa Ureno, jambo ambalo Ricardo hakulisema na ambalo hesabu yake, isiyo na bei wala mapato, haina uwezo wa kulisema. Inafaa kukumbuka pia kwamba katika Kiarabu cha benki cha leo fa'ida ndiyo riba, na kwamba Waarabu wenyewe, walipohitaji istilahi ya kanuni hii, waliliacha neno hilo wakachagua al-miza al-nisbiyya, yaani sifa bainifu ya kiuwiano. Wenye neno wamelikwepa, waliolikopa wameling'ang'ania.

Neno la pili lina hatia kubwa zaidi, kwa kuwa kosa lake ni la sarufi, na kosa la sarufi halina kisingizio cha kutojua uchumi. Kitenzi linga kilizaa lingana, kisha kikazaa linganisha, yaani kuviweka vitu sambamba ili kufanana na kutofautiana kwao kuonekane, na hatimaye kiishio -i kikaunda kivumishi cha kitendacho. Ndiyo maana isimu linganishi ni taaluma inayolinganisha lugha, na fasihi linganishi ni taaluma inayolinganisha kazi za fasihi za jamii mbalimbali. Faida hailinganishi kitu. Ikiwa kuna kulinganisha, yenyewe ndiyo inayolinganishwa, na kwa mujibu wa sarufi hiyo faida linganishi ni faida iliyoshika mizani mkononi na kuanza kupima wenzake. Wapo waliohisi kasoro hii wakakimbilia faida linganifu, bila kutambua kwamba linganifu ni kilicho sawa na kingine, na kwamba kanuni ya Ricardo inafundisha kuwa uwiano wa gharama ukiwa sawa pande zote mbili biashara haina sababu ya kuwapo. Hivyo, katika bahari nzima ya mifano inayowezekana, wafasiri hao walifanikiwa kuipa kanuni jina la mfano mmoja ambao ndani yake kanuni haina la kusema.

Chanzo cha makosa yote ni kutafsiri neno badala ya kutafsiri kitu. Neno la Kiingereza lililowapotosha lilitoka katika Kifaransa cha kale, avantage, lililojengwa juu ya avant, yaani mbele, nalo likatoka katika Kilatini ab ante. Kwa asili linataja hali ya kumtangulia mwingine. Neno hilo halikufaa hata huko lilikotoka, kwa sababu uzuri wa kanuni hii ni kwamba hata aliye nyuma katika kila kitu anayo sehemu yake. Wajerumani walau waliliona tatizo, wakaliingiza neno la gharama katikati wakapata Kostenvorteil, lakini wao pia walibaki na picha ya mashindano ya mbio. Mfasiri wa Kiswahili hakuwa na deni lolote kwa picha hiyo, na ni ajabu kwamba alilipa deni asilokopa.

Nafuu nalo ni neno la Kiarabu, kutoka mzizi wa nun, fa na ain wenye maana ya kufaa, mzizi uleule uliokipa Kiswahili neno manufaa. Lakini katika safari yake lilifanya jambo ambalo ndugu yake hakulifanya, yaani lilimeza mlinganisho ndani yake. Mgonjwa anayesemwa kuwa amepata nafuu hajapona, na hakuna anayempima kwa jirani yake mwenye afya, bali anapimwa kwa hali yake mwenyewe ya jana. Mkopo wenye masharti nafuu ungali deni, bei nafuu ingali bei, na mdai anayeomba nafuu mahakamani anaiomba kwa sababu madhara yamekwisha kumfika. Katika matumizi yote haya nafuu hutaja kupungua kwa mzigo, wala haidai kwamba mzigo umeondoka. Linaishi katika ukoo mmoja na afadhali, lililotokana na afdhal, na ahueni, lililotokana na ahwan, ambayo yote mawili katika Kiarabu ni maumbo ya kulinganisha, yaani bora zaidi na jepesi zaidi. Na mhenga aliyesema heri nusu shari kuliko shari kamili alikuwa tayari amefika ukumbini mwa Ricardo, ila hakubeba takwimu.

Hapo ndipo unafuu unapoonyesha nguvu yake. Uingereza ya Ricardo ni mgonjwa wa maradhi mawili, lakini maradhi ya nguo yana nafuu kuliko ya mvinyo, kwa kuwa kipimo kimoja cha nguo kinaigharimu sehemu tano tu za sita za kipimo cha mvinyo. Ureno, iliyo hodari katika vyote, kipimo kilekile cha nguo kinainyima kipimo kizima cha mvinyo na zaidi ya kumi ya mia juu yake. Kinachowekwa kwenye mizani kwanza ni kazi mbili za nchi moja, kama vile leo na jana ya mgonjwa mmoja, na baada ya hapo ndipo uwiano wa nchi hii unapowekwa kando ya uwiano wa ile. Kwa ile hali nyingine aliyoieleza Adam Smith mwaka 1776, ya nchi kuizidi nyingine moja kwa moja katika kuzalisha kitu fulani, neno ubingwa latosha. Nchi yaweza kukosa ubingwa wote. Kukosa unafuu wote haiwezi, isipokuwa pale uwiano wa gharama unapolingana kabisa. Sentensi hiyo moja, ambayo kwa faida linganishi haiandikiki bila kuleta mzaha, ndiyo kanuni nzima.

Unafuu umepingwa kwa hoja mbili. Ya kwanza inadai kwamba ni neno la sokoni, lisilo na hadhi ya kitaaluma, hoja inayoshangaza ikitoka vinywani mwa watu waliokuwa wakitafuta istilahi ya biashara. Ya pili, iliyo nzito zaidi, inadai kwamba msomaji atafikiri linataja bidhaa isiyo ghali. Jibu ni kwamba Kiswahili tayari kina rahisi kwa kitu hicho, na kwamba msemaji anayesikia vizuri hutofautisha bei rahisi, inayosimama peke yake, na bei nafuu, ambayo daima humfanya msikilizaji aulize, kuliko ipi. Hoja hizi na majibu yake ziliwahi kuwasilishwa kwa maandishi, pamoja na jedwali, mbele ya jopo ambalo halina haja ya kutajwa. Zilipokewa kwa shukrani, na shukrani hizo ndizo mrejesho pekee uliopatikana.

Historia ya pwani inalithibitisha neno hili kuliko jopo lolote. Pemba ilijulikana zamani kwa mpunga, uliotosha hata kusafirishwa nje ya kisiwa. Lakini karne ya 19, mikarafuu ilipoenea, na hasa baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikawa shamba kuu la karafuu, na mchele ukawa chakula cha kuagiza. Ardhi ya Pemba haikusahau namna ya kuotesha mpunga. Kilichobadilika ni kiasi cha karafuu ambacho kila pishi ya mchele ilimnyima mwenye shamba. Hesabu hiyo ilisimama juu ya migongo ya watumwa ambao hawakuulizwa neno, na unafuu wa mwenye shamba haukuwa wao. Hili nalo ni sifa ya istilahi inayotetewa hapa, kwamba humwalika msomaji aulize nafuu kwa nani, swali ambalo faida linganishi hailileti mdomoni.

Kuhusu matumizi, yatosha kusema kwamba nchi huwa na unafuu katika zao au kazi fulani, na kwamba kipimo cha Béla Balassa cha mwaka 1965, kinachoweka sehemu ya bidhaa katika mauzo ya nje ya nchi kando ya sehemu yake katika biashara ya dunia, kitaitwa unafuu uliodhihirika.

Linabaki swali la namna istilahi mbaya inavyoshinda, nalo lina jibu ndani ya uchumi wenyewe, katika tawi linalochunguza uamuzi wa pamoja, ambalo baadhi ya wafasiri wameliita uchaguzi wa kijamii na kumfanya msomaji atafute kadi yake ya mpigakura. Mwaka 1785 Condorcet alionyesha kwamba watu wenye msimamo thabiti, kila mmoja peke yake, wanaweza kuunda wengi wanaozunguka kama pia. Ichukuliwe kamati ya wajumbe watatu, ambapo wa kwanza anatanguliza faida linganishi, kisha ubora linganishi, mwisho unafuu. Wa pili anatanguliza ubora linganishi, kisha unafuu, mwisho faida linganishi. Na wa tatu anatanguliza unafuu, kisha faida linganishi, mwisho ubora linganishi. Kwa kura mbili dhidi ya moja, faida inaushinda ubora, ubora unaushinda unafuu, na unafuu unaishinda faida. Mwenyekiti anayeitaka faida linganishi hahitaji kumshawishi mtu. Anahitaji tu kuanza kwa kupambanisha ubora na unafuu, ili unafuu uondolewe mapema, kisha mshindi akutanishwe na kipenzi chake. Kikao kitafungwa kwa makofi, na istilahi itatangazwa kuwa chaguo la wengi, ingawa wajumbe wawili kati ya watatu waliona unafuu ni bora kuliko hiyo. Kwamba katika mfano huohuo unafuu nao ungeshindwa na ubora linganishi ni suala la hisabati tu, lisilo na haja ya kukuzwa hapa.

Kenneth Arrow, katika kitabu chake cha mwaka 1951, alikwenda mbali zaidi, akathibitisha kwamba machaguo yakiwa matatu au zaidi, hakuna utaratibu wa kuunganisha matakwa ya watu binafsi kuwa mpangilio mmoja ambao utatimiza kwa pamoja masharti machache ya haki na busara bila kumfanya mtu mmoja kuwa mwamuzi wa wote. Kamati za istilahi hazimo nje ya uthibitisho huo, na pengine zingefanya kazi kwa unyenyekevu zaidi kama zingeusoma kabla ya kuutafsiri. Wenye lugha, ambao hawakualikwa katika kikao chochote, wanaendelea na shughuli zao. Nao, kila wanapoulizwa hali ya mgonjwa aliyeanza kuinuka kitandani, hawajawahi kujibu kwamba amepata faida linganishi.