SOMO LA HISTORIA: MCHUKUZI WA MIZIGO WA ZIWA NYASA

Leo twende Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, tukatazame kazi isiyosifiwa sana: kuuchukua mzigo uliokwisha kushushwa melini na kuufikisha unakotakiwa. Meli hupita maji mengi, lakini haipandi nchi kavu hata hatua moja. Hapo ndipo mchukuzi anapopata riziki yake. Je, mtu aliyetaka kuianza kazi hii alitakiwa awe na nini?

Zamani jibu lilikuwa fupi: bega. Mwaka 1878 ilianzishwa kampuni ya Waskochi iliyokuja kuitwa African Lakes Company, nayo ikaweka kituo Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, nchi ambayo leo ni Malawi. Mwaka 1881 tajiri mmoja wa Glasgow, James Stevenson, alitoa fedha ilimwe barabara kutoka Karonga mpaka Ziwa Tanganyika, mwendo wa maili 200 na zaidi. Barabara hiyo haikumalizika kama ilivyokusudiwa, na mhandisi wake, James Stewart, alikufa mwaka 1883 kazi ikiwa bado changa. Hata hivyo mizigo ilipita. Meli iitwayo Good News ilipita njia hiyo ikiwa vipande vipande, ikaungwa huko Tanganyika na kutiwa majini mwaka 1885.

Fikirini, ndugu zangu. Meli nzima vichwani mwa watu! Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kiasi cha ratili 60, yaani kilo 27, na ujira wake ulikuwa nguo. Vitabu vingi vinalitaja jina la Stevenson. Majina ya waliobeba hayakuandikwa. Mimi naona hilo ni deni ambalo historia haijalilipa.

Wajerumani nao walifanya vivyo hivyo. Meli yao Hermann von Wissmann ililetwa vipande kwa njia ya mito Zambezi na Shire, ikaanza kazi ziwani mwaka 1893. Mwezi Agosti 1914 Waingereza waliivamia huko Liuli na kuiharibu. Mwaka 1916 jeshi la Northey liliingia Tukuyu, na wapagazi wake, walioitwa tengatenga, walibeba chakula na risasi. Wengi hawakurudi makwao.

Lori lilipokuja, bega halikutosha tena. Sasa ilitakiwa mali ya kununulia gari, na baadaye karatasi. Sheria ya Leseni za Usafirishaji ya mwaka 1973 ilimtaka mwenye gari la kukodisha awe na leseni. Angalia neno hilo: mwenye gari. Dereva na utingo wanatoka jasho, lakini haki ya kuchukua mzigo ni ya yule ambaye jina lake limo katika leseni. Tangu 2019 leseni hizo hutolewa na LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Anayeanza hutakiwa pia awe na namba ya mlipa kodi, bima ya gari na dereva mwenye leseni ya daraja linalofaa. Akivuka Kasumulu kwenda Malawi, bima ya nyumbani haimtoshi; huhitaji kadi ya manjano ya COMESA. Na mizani haina urafiki: sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 imeweka mwisho wa tani 56, gari na mzigo wake pamoja.

Bandari zenyewe zimehama. Zamani ilikuwa Mwaya, kisha Itungi na Kiwira, maana mito ya Kyela huleta mchanga na matope mengi. Mchukuzi aliyejenga banda lake karibu na gati asishangae gati likimkimbia.

Sasa tufanye hesabu. Mwaka 2017 zilikamilishwa meli mbili za mizigo, MV Ruvuma na MV Njombe, kila moja ya tani 1,000. Lori la tani 10 litakwenda safari 100 kuimaliza shehena ya meli moja. Kwa mzigo wa ratili 60, wangetakiwa wapagazi wangapi? Chukua kalamu, gawanya kilo 1,000,000 kwa 27. Utapata watu zaidi ya 37,000. Kabla ya somo lijalo, waulize wazee wa kwenu kama wapo waliosikia habari za tengatenga, na uyaandike majina watakayokutajia.