Sakafu ya zamani jikoni iandaliwe vipi kabla ya kubandika marumaru

Na Mwandishi Wetu, Karatu

NYUMBA nyingi za zamani katika mji wa Karatu na vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Ngorongoro zina sakafu za saruji zilizopakwa rangi nyekundu na kung'arishwa kwa nta. Sakafu hizo zimedumu miaka mingi, lakini wenye nyumba wengi sasa wanazifunika kwa marumaru, hasa jikoni, ambako maji na mafuta humwagika kila siku.

Marumaru hugharimu fedha nyingi, na mara nyingi hasara hutokana na kilicho chini yake. Zikibandikwa juu ya sakafu chafu, yenye unyevu au isiyo imara, huanza kulia kama ngoma tupu zinapokanyagwa, kisha hung'oka. Marumaru iliyong'oka ni nadra kurudishwa ikiwa nzima, na aina ileile huenda isipatikane tena dukani. Kwa sababu hiyo, siku mbili au tatu za maandalizi ni akiba.

Kukagua sakafu

Kazi huanza kwa kutoa vyombo vyote na kufagia. Baada ya hapo fundi hugonga sakafu yote kwa mpini wa nyundo, hatua kwa hatua. Panapotoa sauti nzito pana uimara. Panapotoa sauti ya uwazi, tabaka la juu limeachana na zege la chini. Sehemu hiyo haifai kuzibwa kwa juu, bali hubomolewa kwa tindo hadi kwenye zege gumu.

Jaribio la pili ni la maji. Matone machache yakidondoshwa na kubaki juu kama umande, bado kuna nta, rangi au mafuta, na saruji mpya haitashika. Yakinywewa ndani ya dakika chache, sakafu iko tayari kupokea tabaka jipya.

La tatu ni la unyevu. Sakafu nyingi za zamani zilimwagwa bila kutandikwa nailoni chini yake, hivyo maji ya ardhini hupanda hadi juu, hasa wakati wa masika, Machi hadi Mei. Kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita hubandikwa sakafuni kwa gundi ya karatasi pande zote nne na kuachwa kwa saa 24. Ikiwa matone yameonekana upande wa chini au saruji imebadilika rangi, unyevu bado upo. Unga mweupe unaojitokeza kwenye sakafu na kuta ni dalili nyingine, kwa kuwa ni chumvi iliyobebwa na maji hayo. Kuufagia pekee hakusaidii. Chanzo kitafutwe kwanza, kama vile bomba linalovuja, mfereji wa nje ulioziba, au ua ulio juu kuliko sakafu ya ndani.

Nyufa

Eneo hili limo katika Bonde la Ufa, na ardhi yake hutikisika mara kwa mara. Julai 17, 2007 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitokea karibu na Ziwa Natron na Mlima Gelai, na Septemba mwaka huo Mlima Ol Doinyo Lengai ulilipuka. Ufa wa sakafu, hata hivyo, haumaanishi tetemeko moja kwa moja. Mara nyingi husababishwa na kifusi ambacho hakikushindiliwa vizuri wakati wa ujenzi.

Jambo la kujua ni kama ufa umetulia au bado unatembea. Ncha zake mbili huwekewa alama ya penseli pamoja na tarehe, kisha huangaliwa baada ya wiki kadhaa. Ufa uliotulia hupanuliwa kwa tindo, husafishwa vumbi, hulowanishwa na kujazwa mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga tatu. Unaozidi kurefuka, au ambao upande mmoja umezama kuliko mwingine, unahitaji kubomolewa, kifusi kushindiliwa upya na zege kumwagwa. Vinginevyo ufa huo utapita hadi kwenye marumaru.

Kusafisha na kukwaruza

Mafuta ya kupikia, mafuta ya taa na masizi huondolewa kwa maji ya moto, sabuni ya unga na brashi ya chuma. Sakafu iliyong'arishwa kwa nta huhitaji zaidi: hutobolewa kwa tindo vishimo vidogo vilivyokaribiana katika eneo lote, ili tabaka jipya lipate pa kushikia. Anayetumia mashine ya grenda avae barakoa na miwani ya kinga, kwani vumbi la saruji hudhuru mapafu na macho.

Kusawazisha

Rula ndefu ya mita mbili hulazwa sakafuni pande mbalimbali pamoja na pima maji. Uwazi wa milimita tatu au chini hauna madhara. Ukizidi, mabonde yajazwe. Ikiwa jiko lina tundu la kutolea maji, mteremko kidogo uelekezwe huko.

Tabaka jipya la saruji moja kwa mchanga nne, lenye unene wa sentimita tatu, kwa jiko la mita tatu kwa nne huhitaji takriban mifuko mitatu ya saruji ya kilo 50. Kabla ya kulimwaga, sakafu hulowanishwa bila kuacha madimbwi, kisha hupakwa uji wa saruji, na tabaka humwagwa uji huo ukiwa bado mbichi. Mchanga wenye udongo haufai. Hupimwa kwa kuutia kwenye chupa ya maji, kuutikisa na kuuacha utulie: tope jingi likikaa juu ya mchanga, uoshwe au ubadilishwe.

Tabaka hilo hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku saba. Karatu iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro hupita mita 2,200. Katika baridi ya Juni hadi Agosti saruji hukomaa polepole, hivyo ni busara kusubiri hadi siku 28 kabla ya kubandika.

Kabla ya kununua

Kimo cha milango kipimwe mapema, kwa sababu tabaka jipya, gundi na marumaru huinua sakafu kwa sentimita nne au zaidi, na milango huenda ikahitaji kukatwa. Jiko la mita 12 za mraba huhitaji marumaru 75 za sentimita 40 kwa 40. Ikiongezwa asilimia 10 kwa zitakazokatwa na kuvunjika, ni 83. Zichaguliwe zenye uso mkavu usioteleza, na zote zitoke katika toleo moja la kiwanda ili rangi zisipishane. Chache zinazobaki zihifadhiwe kwa matengenezo ya baadaye.

Kwa wakazi walio ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, shughuli za ujenzi husimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi hiyo, hivyo kibali kiulizwe kabla vifaa havijapakiwa kwenye gari.