Mawe ya Redio, Mawe ya Shax

Ukifika Modogashe jioni, umetoka Garissa ama Isiolo na vumbi limekuingia hadi kwenye nyusi, utawakuta wazee chini ya mti wameinamia mchanga. Barabara hizo mbili zinakutana hapa kabla ya kuelekea Wajir, kwa hivyo msafiri hana budi kuwapita. Mgeni hudhani wameangusha kitu. La, wanacheza shax. Hiyo x isome kama h nzito ya kooni. Ndivyo Kisomali kinavyoandikwa tangu kipewe herufi za Kilatini mwaka 1972. Na pembeni yao, hadi miaka si mingi iliyopita, lazima kulikuwa na redio.

Nawataja wazee hawa kwa sababu ya kijana mmoja. Mpwa wangu anasikiliza podikasti usiku huku vidole vyake vikipanga karata kwenye simu. Dada yangu humgombeza: sikiliza ama cheza, chagua moja. Naye hunigeukia mimi: "Abti, si nasikia kila kitu?" Nikafikiria ukoo wetu wote, sikumpata hata mmoja aliyewahi kuchagua moja.

Tuanze na mchezo wenyewe. Chora miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, kisha unganisha kwa mstari katikati ya kila upande. Umepata vituo 24. Kila mchezaji ana kete 12: huyu mawe, yule vijiti, ama vipande vya mavi ya ngamia yaliyokauka. Mnaweka moja moja kwa zamu mpaka vituo vyote vijae. Kete tatu katika mstari mmoja ni jare. Wakati wa kupanga, jare haikupi kitu ila haki ya kutangulia kung'oa kete ya mwenzako pale uwanja ukishajaa. Baada ya hapo kete zinasogea hatua moja moja, na kila jare mpya inamnyang'anya mwenzako moja. Akibakiwa na mbili, kwisha. Kuna sheria moja naipenda kupita zote: mwenzako akikwama hana pa kusogea, hujashinda bado. Ni wewe unayelazimika kumfungulia njia.

Mzungu mmoja, G. Marin, aliandika juu ya michezo ya Wasomali katika jarida la Royal Anthropological Institute mwaka 1931, kwa hivyo hata makaratasi ya wakoloni yanatutambua. Lakini ninachotaka ukione ni hiki: ndani ya shax hakuna neno. Macho yana kazi, mkono una kazi, masikio yamekaa bure.

Masikio hayo yalipata kazi yake mwishoni mwa miaka ya hamsini. BBC ilianza kutangaza kwa Kisomali Julai 1957, wiki chache tu baada ya kuanza kwa Kiswahili. Redio ndogo za transista, zilizokuwa zimeanza kuuzwa Marekani mwaka 1954, zilikuja kuingia hadi kwa wafugaji, maana hazikuhitaji umeme wala fundi. Zilihitaji mawe tu. Ndiyo, betri tuliziita mawe, na mawe ya redio yakilegea yalianikwa juani yapate uhai wa jioni moja zaidi. Mzee alikuwa na mawe yake ya aina mbili, moja mchangani na moja mgongoni mwa redio, na yote mawili watoto tulikatazwa kugusa.

Usidhani hii ilikuwa starehe tu. Tume iliyotumwa mwaka 1962 kuuliza watu wa kaskazini wanataka nini ilikuta Wasomali wengi wanataka kujiunga na Somalia. Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na kabla mwezi haujaisha, tarehe 28, serikali ikatangaza hali ya hatari huku kwetu. Vita vya Shifta vilipiganwa kwa bunduki na pia kwa redio. Mogadishu ilitangaza kuvuka mpaka, Nairobi nayo ikajibu. Jambo lilikuwa zito kiasi kwamba serikali mbili zilipopatana mwaka 1967, ziliahidiana kuacha propaganda za uadui, redio zikitajwa waziwazi.

Sasa jiweke mahali pa mtu wa Modogashe wakati huo. Unataka kujua kesho yako, na mahali pa kuijulia ni kisanduku ambacho chenyewe kinaweza kukutia matatani. Marehemu baba alisema redio ilikaa chini ya shuka, sauti chini kabisa. Askari akipita, inazimwa, na kinachobaki ni wazee wawili wanaobishana juu ya kijiti. Nani atamkamata mtu kwa kucheza mawe?

Sheria zile za hatari ziliendelea kutubana hadi 1991. Katikati yake kuna Februari 1984, uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, ambako wanaume wa Degodia walikusanywa na vikosi vya usalama na wengi wao wakauawa. Idadi inabishaniwa mpaka leo, hata baada ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano kutoa ripoti yake mwaka 2013. Baba aliisikia habari ile kwanza kwa dereva wa lori. Kisha wazee wakakaa mtini jioni baada ya jioni, wakisubiri redio iseme. Sikuwahi kumwuliza redio ilisema nini, na sasa nimechelewa. Yeye alinisimulia mchezo tu. Alisema siku zile aliyekwama alifunguliwa njia upesi, kabla hata hajaomba, na kwamba hakumbuki nani alishinda.

Kulikuwa na kaseti pia, na hapa wapenzi wa podikasti wasikilize vizuri. Mwaka 1979 na 1980 washairi wa Kisomali walijibizana katika mlolongo ulioitwa Deelley, Hadraawi na Gaarriye wakiwa mstari wa mbele, na mashairi yakasambaa kwa kaseti zilizonakiliwa mkono kwa mkono. Ndugu waliokuwa Ghuba nao walituma barua za sauti: upande A salamu, upande B malalamiko ya pesa. Mama alizisikiliza huku akisuka mkeka. Vidole havikusimama hata sauti ya kaka yake ilipokatika kwa kilio. Ila ukiukagua mkeka ule, utaona mahali ambapo ukindu umekazwa kuliko kwingine.

Wasomi wamekuja kulipima hili baadaye. Mwaka 2009 Jackie Andrade wa Chuo Kikuu cha Plymouth aliwasikilizisha watu 40 ujumbe wa simu unaochosha kweli kweli. Nusu yao walipewa kazi ya kupaka maumbo kwa penseli huku wakisikiliza, na hao ndio waliokumbuka zaidi, kwa asilimia 29. Mkono wenye kazi nyepesi huzuia akili isitoroke. Masharti ni kwamba kazi iwe nyepesi kweli, na isiwe ya maneno. Jaribu kujaza fumbo la maneno huku unasikiliza taarifa ya habari, utapoteza vyote viwili.

Ndiyo maana michezo ya kompyuta inayofaa kusikilizia ni ile mikimya, ya kupanga na kusogeza. Tetris, aliyoibuni Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984. Karata za Solitaire, zilizokuja na Windows 3.0 mwaka 1990, ambazo ndizo anazopanga mpwa wangu. Yule nyoka wa Nokia, aliyeanza mwaka 1997, na ambaye nimemlisha usiku kucha kando ya redio mimi mwenyewe. Ukiitazama kwa jicho la Modogashe, yote ni binamu wa shax.

Tofauti ni moja, na sitaificha kwa kuwa niko upande wa kijana. Solitaire haina mwenzako. Ukikwama umekwama, hakuna anayelazimika kukufungulia. Na ile sauti ya masikioni inasema ikamaliza bila mtu wa kudakia, "Huyo mtangazaji ni mwongo, mimi nimetoka huko jana." Wazee wetu hawakuwahi kusikia taarifa nzima bila kukatizwa, na nadhani ndiyo sababu hawakudanganyika kirahisi.

Likizo iliyopita nilikwenda naye nyumbani. Jioni ya pili nikamkuta chini ya mti, ameitumbukiza simu ndani ya kikombe cha bati ili sauti ipae. Ilikuwa podikasti ya Kisomali, watu wawili wanabishana juu ya mipaka. Mzee mmoja akawabishia hao wawili kwa pamoja. Mwingine akamwambia kijana acha kusikiliza kwa mdomo wazi, zamu yako. Akaweka kijiti. Ilikuwa mahali pabaya, na watu watano wakamwambia hivyo kwa mkupuo.