Hatuli Nguruwe, Lakini Tegu Wake Aweza Kutupata

Kila nikitaja habari za tegu barazani, jawabu huja kabla sijamaliza: "Sisi hatuli nguruwe, yatuhusu nini hayo?" Ni jawabu la haraka, na nusu yake ni kweli. Nusu ya pili ndiyo inayonifanya niandike, kwa sababu yuko tegu anayeleta ugonjwa wa ubongo, na mtu asiyewahi kuonja nguruwe maishani mwake anaweza kuupata ugonjwa huo kwenye sahani ya kachumbari.

Tuanze na mnyoo mwenyewe. Tegu ni mnyoo bapa, mrefu kama utepe, mwili wake umegawanyika pingili pingili mithili ya muwa. Hana mdomo wala tumbo. Hujishikiza kwa kichwa chake kwenye ukuta wa utumbo na kufyonza chakula kwa ngozi. Aina zake ni nyingi, lakini wanaotuhusu hapa ni watatu: wa ng'ombe, wa nguruwe na wa mbwa.

Tegu wa ng'ombe ndiye jirani yetu wa siku zote. Kwa kawaida hufikia urefu wa mita 4 hadi 12, na huweza kuishi tumboni mwa mtu kwa miaka. Pingili zake za mwisho hukatika na kutoka, na pingili moja yaweza kubeba mayai hadi 100,000. Pingili hizo hutambaa zenyewe, ndiyo maana mtu huziona nguoni au kitandani, vipande vyeupe kama tambi pana vikijikunja. Wengi hawasikii maumivu yoyote. Wengine husokotwa na tumbo, hupata kichefuchefu, au hubadilika hamu ya chakula. Kinachowachelewesha kwenda hospitali ni haya tu, maana ni jambo zito kumwambia hata mke au mume.

Mwenye tegu akienda haja kichakani au karibu na malisho, mayai hubaki kwenye majani. Ng'ombe akiyala, huangulika ndani ya utumbo wake, na vitoto hupenya hadi kwenye damu na kutua nyamani, hasa moyoni, kwenye ulimi na katika misuli ya taya. Huko hugeuka vifuko vidogo vya maji, ukubwa wa punje ya mbaazi. Sisi tukiila nyama hiyo haijaiva, kifuko hufunguka tumboni, na baada ya miezi kama miwili tegu ameshakomaa. Kwa hivyo ng'ombe hamwambukizi mtu mpaka awe yeye mwenyewe ameambukizwa na mtu. Ugonjwa huu wa mifugo huanzia kwenye choo, au kwenye kukosekana kwa choo.

Sheria ya Kudhibiti Nyama, sura ya 356, ndiyo inayosimamia ukaguzi wa nyama ya biashara. Mkaguzi huchanja misuli ya taya, ulimi na moyo akitafuta vifuko. Muhuri ule wa rangi mnaouona kwenye paja si pambo. Hata hivyo ukaguzi wa macho huwakosa wanyama wengi wenye vifuko vichache, na nyama iliyochinjwa uchochoroni haina hata jicho hilo moja. Linalobaki ni moto. Vipande vya nyama vifike joto la nyuzi 63 kisha vitulie dakika tatu, na nyama ya kusaga ifike nyuzi 71. Najua hakuna mwenye kipimajoto jikoni, basi kata katikati kile kipande kikubwa kuliko vyote: kikiwa chekundu, kirudi motoni. Nyama ya pilau iliyotokota hadi kulainika haina wasiwasi. Wasiwasi wangu uko kwenye mishkaki ya haraka, iliyoungua nje na mbichi ndani, na kababu nene zinazoopolewa mapema kwa sababu wateja wamejipanga. Na mwenye friji nzuri ajue kuwa nyama ikigandishwa kwenye baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri kwa siku 10, vifuko hufa.

Sasa tumjie tegu wa nguruwe. Huyu ana njia mbili, na watu wengi wanaijua moja tu. Njia ya kwanza ni kula nyama ya nguruwe yenye vifuko ambayo haijaiva. Tegu hukua tumboni kama yule wa ng'ombe. Hapa asiyekula nguruwe amesalimika, na hiyo ndiyo ile nusu ya kweli ya jawabu la barazani.

Njia ya pili ni mayai. Mayai ya tegu wa ng'ombe mtu akiyameza hayamfanyi kitu. Ya tegu wa nguruwe humfanyia mtu vile vile yanavyomfanyia nguruwe: huangulika tumboni, hupenya hadi kwenye damu, na vifuko hutua katika misuli, chini ya ngozi, machoni, na ndani ya ubongo. Nyama haimo kabisa katika njia hii. Mayai hutoka kwa binadamu aliye na tegu tumboni, hupita kwenye mkono usiooshwa baada ya choo, kwenye maji, au kwenye mboga iliyomwagiliwa maji machafu, yakaishia mdomoni mwa mtu mwingine. Hayaonekani kwa macho. Nyanya, kitunguu, dania na kabichi mbichi ndivyo vyakula vyetu visivyopita motoni, na hakuna mlo wa pwani usio na mojawapo pembeni.

Ushahidi wa jambo hili ulitoka mbali na kwetu, lakini kwa watu wanaofanana na sisi katika hili la chakula. Mwaka 1992 madaktari wa New York, Marekani, walichapisha habari za wagonjwa wanne wa jamii ya Mayahudi wanaoshika dini kwa ukali, watu wasiogusa nguruwe, ambao walianza kushikwa na kifafa. Vipimo vilionyesha vifuko vya tegu wa nguruwe vichwani mwao. Uchunguzi ulielekea kwa wafanyakazi wa nyumbani waliotoka nchi za Amerika ya Kusini na ya Kati, ambako tegu huyu ni wa kawaida. Katika nyumba zile nguruwe hakuingia jikoni hata siku moja. Yaliyoingia ni mayai.

Kifafa ndicho alama kubwa ya vifuko hivi. Mtu anaweza kukaa miezi au miaka navyo bila kujua, kisha siku moja akaanguka. Wengine huumwa na kichwa kisichopoa, wengine hupungukiwa na macho. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika sehemu nyingi zenye tegu huyu, asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa wamekipata kwa sababu yake, na kuna jamii ambazo idadi hiyo huweza kufika asilimia 70. Humu nchini watafiti wamewakuta nguruwe wenye vifuko magharibi, Busia na Homa Bay, wanakofugwa kwa kuachwa warande. Jirani zetu Tanzania wanaye Mbulu na Mbozi. Pwani si huko, lakini Mombasa ni mji wa bandari, na wanaokula, kupika na kuuza chakula hapa wametoka kila pembe.

Kwetu anayeanguka hupelekwa kwanza kwa mganga apungwe majini. Siji hapa kugombana na mtu juu ya imani yake. Ninachosema ni kwamba mtu mzima ambaye hajawahi kuanguka, akaanguka ghafla, ana haki ya kupigwa picha ya ubongo kabla ya mwaka kupita kwenye ubani na kombe. Dawa za kuzuia kifafa zipo, ziko nyingi za bei nafuu, na huwasaidia wengi, chanzo kiwe tegu au kitu kingine.

Naogopa pia namna habari hii inavyoweza kutumiwa. Asije mtu akaisoma asubuhi na jioni akamfukuza dada wa kazi kwa sababu ya kabila au dini yake. Tegu wa nguruwe hukaa tumboni mwa mla nguruwe, lakini hasemi kabila, na kumfukuza mfanyakazi hakuoshi mkono wa atakayemfuata. Mpe sabuni, mpe choo kile kile mnachotumia nyinyi wenye maji, na akipatikana na tegu mlipie dawa, tena nyumba nzima ipimwe pamoja naye. Mwenye tegu huwa hatari kwake mwenyewe kuliko kwa yeyote, maana mayai yako mikononi mwake kila siku.

Tegu huyu akiingia mahali asipojulikana, huenea kimya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kando ya maziwa ya Paniai huko Papua, upande wa Indonesia, hospitali ilianza kupokea watu wa kabila la Ekari walioungua vibaya. Milimani kule watu hulala karibu na moto kwa ajili ya baridi. Waliokuwa wakishikwa na kifafa usiku walikuwa wakiangukia motoni. Walipochunguzwa walikutwa na vifuko. Tegu alifika na nguruwe walioletwa kama zawadi kutoka Bali. Na huweza kukomeshwa: katika jimbo la Tumbes, kaskazini mwa Peru, watu na nguruwe walitibiwa pamoja na nguruwe wakachanjwa, na matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha maambukizi yamekatika katika vijiji 105 kati ya 107.

Tegu wa mbwa ni mdogo mno, urefu wake ni milimita chache tu, lakini vifuko vyake ndivyo vikubwa kuliko vyote. Mbwa hupata tegu kwa kula maini au mapafu yenye vifuko, ya mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia. Kisha kinyesi chake huacha mayai kwenye majani, kwenye maji na kwenye manyoya yake mwenyewe. Mtu akiyameza, kifuko huota kwenye ini au pafu na kukua taratibu kwa miaka, hata kufikia ukubwa wa chungwa na zaidi. Mara nyingi tiba yake ni upasuaji. Turkana ni miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani, na mifugo tunayochinja huku hutoka mbali pia.

Hili linatugusa siku moja ya mwaka kuliko nyingine zote. Idd ya kuchinja, mitaa mizima huchinja majumbani, na mapafu na maini yenye malengelenge hutupwa jalalani au kwa mbwa wanaongojea pembeni. Chimba shimo refu uyafukie, au uyachome. Ukiona kifuko cha maji kwenye ini usikitoboe kwa udadisi, na usikate hiyo sehemu mbaya ukampa paka na mbwa. Serikali za kaunti zingetuma wakaguzi mitaani siku hiyo, kazi ingekuwa nusu; siku zote tarehe ya Idd hujulikana mapema.

Kuhusu dawa. Tegu wa tumboni hutibiwa kwa praziquantel, ile ile wazazi wa Kwale na Tana River wanayoijua kwa kichocho, au kwa niclosamide. Kidonge kimoja cha albendazole ambacho watoto hupewa shuleni ni cha minyoo ya kawaida, usikitegemee kumtoa tegu. Wazee walitumia mbegu za boga, nami siwacheki, ila kichwa cha tegu kikibaki kimeshikilia utumbo, huota upya. Na mtu mwenye tegu ambaye amewahi kuanguka kifafa asinunue praziquantel dukani akaimeza mwenyewe: ikiwa kuna vifuko kwenye ubongo, vinapokufa huvimbisha ubongo, na dawa hiyo hutolewa hospitalini pamoja na nyingine za kutuliza uvimbe. Ukiiona pingili, itie kwenye chupa yenye kifuniko uende nayo, osha mikono kwa sabuni, na umwambie daktari kama umewahi kuanguka kabla hajakuandikia chochote.